Kuongeza mafuta kwenye chemli inayowaka
Ndugu uliyeuliza kutoka Mbagala kama unaweza kuongeza mafuta kwenye chemli inayowaka umeme ukikatika, na kama unaweza kulala ukiiacha inawaka: chemli haiongezwi mafuta ikiwa inawaka, hata kama umeme umekatika ghafla. Izime, iache ipoe kabisa, kisha uijaze nje kwa faneli, ukibakiza nafasi kidogo kwenye tangi kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto, na ufute yaliyomwagika kabla ya kuwasha kiberiti. Jambo la kuogopwa zaidi ni mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli, kwa mfano yaliyotiwa katika dumu lililokuwa na petroli: mafuta ya taa safi kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto chini ya nyuzi joto 38 za Selsiasi, ilhali petroli huutoa hata kwenye baridi ya kuganda, hivyo taa inaweza kukulipukia mkononi.

Kuhusu kulala ikiwaka, jibu ni hapana. Katika chumba kilichofungwa madirisha kwa kuogopa mbu, gesi ya kaboni monoksaidi, yenye sumu na isiyo na harufu, huweza kujikusanya, na chandarua kikigusa kioo cha moto hushika upesi. Utambi ukitia kioo masizi, uteremshe, na taa ikishapoa uukate usawa. Kibatari kisicho na kioo, kwa maoni yangu, hakifai kabisa penye watoto.