Mkwe hacheki: tufanyeje?

SWALI: Mume wangu ni wa Nairobi, wazazi wangu wako Tanga. Akiwawekea vichekesho vya jukwaani vya Kenya, yeye anavunjika mbavu, wao kimya. Basi anasimamisha video kueleza kila utani. – Mama Zuhura

JIBU: Aache kusimamisha video ili aeleze, hapo ndipo utani unapofia. Kichekesho hutegemea kasi. Maelezo yakija baadaye, mtu huelewa lakini hacheki.

Wazazi hawakosi ucheshi, wanakosa ufunguo. Utani mwingi wa jukwaa la Nairobi umejengwa juu ya Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, na lafudhi za Wakikuyu, Waluo na Wakamba. Asiyezijua lafudhi hizo husikia mtu anaongea tu. Mumeo awaeleze kabla, kwa sentensi mbili: huyu anaiga watu gani, na watu hao wanataniwa kwa lipi. Achague kipande cha dakika tano, si saa nzima, na akitazame kwanza peke yake. Utani wa chumbani mbele ya wakwe hauokolewi na maelezo yoyote!

Aanze na mchekeshaji marehemu King Majuto, mtu wa Tanga hiyohiyo: uso na mwili wake havihitaji mkalimani. Na asiwakodolee macho kuona kama wamecheka, anayechunguzwa hujizuia.