Kabla hujalipia hilo trela, fungua kwanza mlango wa dereva

Mkuu, hilo trela la kulala unalotaka kukodi kwa safari ya familia, usilipe. Kama ushalipa, wapigie leo hii wakurudishie. Watakukata kidogo, meza machungu.

Umeandika: "Pikapu yangu inavuta kilo 5,000, trela lina kilo 2,500 tu, tuko sita na mama mkwe, tunatoka Denver, Colorado, kwenda Moab, Utah, kwa barabara kuu ya I-70, sioni shida." Hayo hayo ndiyo niliyoambiwa na kijana wa kaunta kule nilikokodi mimi. Kampuni siitaji, ila yule kijana nikimwona supamaketi nageuza toroli. Simwogopi yeye, naiogopa mikono yangu.

Hiyo 5,000 ni ya matangazo. Hupimwa gari likiwa na watu wawili wa kilo 68 kila mmoja, nyuma hamna mzigo wa maana. Mimi hizo 68 nilizipita tangu nilipogundua mbuzi choma wa hapa Aurora. Na 2,500 ni za trela tupu: halina maji, halina masufuria, halina blanketi za mama mkwe. Soma kibao cha ubavuni mwa trela, utakuta uzito wake wa mwisho likijaa. Kwa saizi hiyo ni kama kilo 3,400, na kwa tunavyofungasha sisi mtazikaribia. Tangi la maji la lita 150 peke yake ni kilo 150.

Sasa fungua mlango wa dereva. Pale kwenye nguzo pana stika inayosema jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani. Hiyo ndiyo namba yako. Achana na ya matangazo, achana na ya shemeji anayejua magari. Yangu iliandikwa paundi 1,480, yaani kilo 671. Pikapu ya milango minne, inanguruma mtaa mzima, kilo 671!

Trela halivutwi tu, linaegemea. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inakaa juu ya gari lako. Chukua 13 ya 3,400, unapata 440. Watu sita, tuseme 380. Chuma cha kuunganishia, 40. Tayari ni 860 na mkaa bado uko gereji.

Turudi kwa yule kijana. Tulipolifunga trela, nyuma ya pikapu ikabonyea, taa za mbele zikawa zinamulika mbinguni. Nikamuuliza. Akacheka: "Hamishia mizigo nyuma ya trela, litakaa sawa." Ukutani kulikuwa na vyuma vya kugawa uzito, vile vinavyousambaza uzito wa trela usikae wote nyuma ya gari, vinakodishwa. "Kwa safari yenu hamvihitaji." Basi tukasukuma kila kitu nyuma, baiskeli za watoto tukazifunga kwenye bampa ya trela, tangi tukalijaza pomoni. Kwa macho, gari likanyooka kweli.

Hapo ndipo alipotumaliza. Trela lenye mzigo mzito nyuma ya magurudumu yake huwa jepesi mbele, na likiwa jepesi mbele linachezeshwa na kitu kidogo tu. Chetu kilitukuta tulipotoka kwenye handaki la Eisenhower, kama meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, unapoanza kushuka kwenda Silverthorne kwenye mteremko wa asilimia 7. Lori likatupita. Upepo wake ukalisukuma trela kulia, likarudi kushoto, likaenda kulia zaidi, mara dereva si mimi tena, ni trela. Nikakanyaga breki, likazidi. Mama mkwe alianza kusali kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kichaga. Tulisimama baada ya kukwangua kingo za chuma za barabara, ubavu mzima wa trela umefunguka.

Ambacho kaunta hawakunionyesha: likianza kuyumba unaachia mafuta, unashika usukani unyooke, mguu usiguse breki, na kwa mkono unabonyeza kile kidude cha breki za trela zenyewe ili livutike nyuma na kunyooka. Kidude kilikuwa karibu na goti langu. Nilidhani ni cha redio.

Dhamana ya dola 1,500 ikaenda. Bima wakauliza uzito, wakapiga hesabu, wakafunga faili. Kampuni wakanisomea mkataba: mteja ndiye mwenye jukumu la kuhakiki uzito. Kijana wao alikuwa pale pale, anaangalia simu. Na msinicheke, humu kuna watu wamekwaruza Corolla kwenye maegesho ya kanisa, tunawajua.

Kwa hiyo: chukua namba ya stika, toa watu, toa mizigo ya ndani ya gari, toa kilo 40 za chuma. Kinachobaki gawanya kwa 0.13. Hilo ndilo trela lako LIKIWA LIMEJAA. Kwa stika kama yangu, watu sita na mizigo ya ndani tuseme kilo 55, inakuja kama kilo 1,500. Hicho ni kijitrela cha wachumba, familia haiingii. Ndiyo maana nakwambia ama ukodi gari lenye nyumba juu yake, uendeshe bila kuvuta chochote, ama utafute mwenye trela anayelipeleka mwenyewe mpaka kambini na kulisimika, wapo wengi. Ukishindwa yote na ukang'ang'ania kuvuta, pitia mzani wa vituo vya malori kabla hujapanda mlima. Gharama yake haifiki ya chakula cha mchana cha watoto wako.

Umeuliza pia habari za choo, bei za msimu na kambi ipi ya Moab inaruhusu jenereta. Wadau wengine watakujibu. Mimi nataka picha ya stika, ile yenye presha za tairi, usiniletee ile ya namba ya rangi.