Funga Kitabu, Mdogo Wangu

Tangu nitangaze kwamba nimefaulu mtihani wangu wa taaluma, salamu zimemiminika, nami nawashukuru nyote. Ujumbe mmoja lakini umekataa kunitoka. Msomaji ameniandikia: "Dada, sura moja naisoma hata mara nne, nikiamka asubuhi hakuna kilichobaki. Wewe ulitumia dawa gani ya kumbukumbu?"

Sikutumia dawa yoyote, na sitaki ununue. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu wengi wetu tunaokutana hapa hali yetu ni moja: kazi mchana, vitabu usiku, na hamu ya kupanda hatua moja zaidi.

Mtihani huu niliwahi kuufanya nikaanguka. Siku matokeo yalipotoka, mkubwa wangu wa kazi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba kichwa changu kimeshapita umri wa kushika mambo, niwaachie vijana. Wenzangu wakacheka. Leo cheti ninacho mkononi na kauli ile bado inanichoma, tena inanichoma zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa akisoma kuliko mimi. Nilikuwa nakesha. Vitabu vyangu vilijaa rangi ya njano na ya waridi kila ukurasa. Nikirudia sura mara ya tatu, macho yalikuwa yakipita juu ya maneno bila kukwama popote, nami naridhika kwamba imeingia. Kisha nafika chumba cha mtihani, naona swali, nakumbuka hata upande wa ukurasa ambao jibu lake limeandikwa, ila jibu lenyewe haliji. Aliyepitia hali hiyo hahitaji kuelezwa uchungu wake.

Kilichonitoa hapo ni utafiti. Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha jaribio katika jarida la Science. Waliwapa wanafunzi wa chuo jozi 40 za maneno wazikariri, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. Ndiyo, lugha yetu hii. Walihitaji maneno ambayo wanafunzi wale hawajawahi kuyasikia, ili wote waanzie sifuri. Niliposoma hayo nilisisimka. Nikaendelea hadi mwisho kwa sababu hiyo tu, na mwisho ndio ulionibadilisha.

Wanafunzi waligawanywa makundi manne. Wote walisoma maneno na kupimwa hadi kila neno wakalipata. Tofauti ilikuja baada ya neno kupatikana mara ya kwanza. Kundi moja liliendelea kulisoma na kupimwa. La pili halikulisoma tena, lakini liliendelea kupimwa. La tatu liliendelea kulisoma bila kupimwa. La nne liliachana nalo kabisa. Baada ya wiki moja waliitwa tena. Makundi mawili yaliyoendelea kupimwa yalikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Waliorudia kusoma bila kupimwa walipata asilimia 36, na walioachana nayo kabisa asilimia 33.

Tafadhali zisome tena namba hizo mbili za mwisho. Kurudia kusoma kitu ulichokwisha kukijua hakukuongeza karibu chochote. Usiku wangu wote ule ulikuwa wa asilimia 36! Na walipomaliza tu kujifunza, kabla ya wiki ile kupita, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani. Makundi yote yalikisia karibu nusu. Hakuna kundi lililotambua njia yake inalipeleka wapi, kwa hiyo usijilaumu kwa kuwa na wewe hukutambua.

Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wamefanya jaribio jingine kwa habari za kusoma. Wanafunzi walipoulizwa baada ya dakika 5 tu, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Walipoulizwa baada ya wiki, mambo yaligeuka na waliojipima wakawa mbele. Ndiyo maana wewe usiku unalala na uhakika, asubuhi unaamka mtupu. Kitabu kikiwa wazi mbele yako, kazi ya akili ni kutambua tu kwamba hili nimeliona. Mtihani unadai kulitoa jambo kichwani pasipo msaada, na kila unapolitoa hivyo, safari ya kulifikia mara nyingine inakuwa nyepesi. Ni kama njia ya miguu porini, inabaki wazi kwa kupitwa.

Basi nilifunga kitabu. Nasoma sehemu fupi, nafunga, nachukua karatasi tupu naandika yote ninayoyakumbuka. Mwanzoni inaudhi sana, karatasi inabaki nusu nyeupe na unaona kama umerudi nyuma. Vumilia hapo hapo, kwa maana kule kuhangaika kulitafuta jambo ndiko kunakoliimarisha. Kisha nafungua kitabu, nasahihisha kwa wino mwingine, na niliyokosa nayaandika kama maswali nyuma ya daftari. Usiruke kusahihisha, usije ukayazoea makosa yako. Kesho yake najiuliza maswali yale kabla sijagusa sura mpya. Narudi baada ya siku kadhaa, halafu baada ya muda mrefu zaidi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe, aliandika tangu mwaka 1885 kwamba kurudia kwa kutawanya siku kunafaa kuliko kulundika siku moja. Miaka yote hiyo, na bado tunakesha mkesha wa mtihani!

Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walizipitia mbinu 10 za kujifunza. Mbili tu walizipa daraja la juu: kujipima na kutawanya masomo. Kupigia mistari na kurudia kusoma zilipata daraja la chini. Zile kalamu zako za rangi, mdogo wangu, wape watoto wachoree.

Na kuhusu umri, mkubwa wangu yule angesoma kabla ya kusema. Mwaka huo huo wa 2013, watafiti Ashley Meyer na Jessica Logan waliwalinganisha vijana na watu wa miaka 55 hadi 65, wakakuta kujipima kunawafaa wote. Mimi sijafika hata huko. Enyi mnaosimamia watu, mnaofundisha, mnaolea: mtu akianguka, muulizeni alikuwa anasomaje kabla hamjamhukumu kichwa chake. Kuna watu wameacha masomo kwa kauli moja tu ya mkubwa, na wangefaulu. Nami nilibakiza kidogo tu niwe mmoja wao.

Wewe uliyeniandikia umesema mtihani wako uko miezi miwili mbele. Muda huo unatosha, ila anza leo. Tena usianze na sura ya kwanza. Anza na maswali ya mitihani iliyopita, yale ambayo kila mtu huyaweka akiba hadi wiki ya mwisho. Jaribu kuyajibu sasa hivi hata kama utayakosa yote. Kujaribu kabla ya kusoma nako kumeonekana kusaidia, mradi jibu sahihi ulitafute baadaye. Yale uliyokosa ndiyo yakuonyeshe ufungue sura ipi. Ukimaliza kuisoma, funga, chukua karatasi tupu, andika. Ukikwama, usifungue haraka. Kaa nalo kidogo.