Kwa fundi anayeanza kupasha joto sakafu ya nyumba ya zamani

Kila ninapopokea mafundi wapya, hakosekani mmoja anayemshauri mwenye nyumba aache kihami, yaani tabaka la kuzuia joto lisipotee ardhini, chini ya mabomba ya maji ya moto ili bajeti itoshe. Utetezi wake naujua kwa moyo: milango imeshakatwa kwa kimo chake, ngazi haziruhusu sakafu kupanda, na fedha ni chache. Yote hayo ni kweli, wadogo zangu, na hayabadilishi kitu.

1. Kihami hununuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukiacha. Ilikuwa sebule yenye zege lililolala moja kwa moja juu ya udongo, na mwenye nyumba hakutaka sakafu ipande. Nikatandaza mabomba juu ya zege tupu, nikayasogeza kutoka nafasi ya sentimita 20 hadi 15 nikiamini kwamba bomba la ziada lingefidia kihami kilichokosekana, kisha nikamwaga lipu ya sakafu ya kuyafunika na kulaza mbao. Hesabu hiyo ilikuwa ya kipuuzi. Hewa ya moto hupanda, lakini joto lililo ndani ya zege huenda kokote kwenye ubaridi, na udongo ule ulikuwa baridi kuliko chumba. Boila ilikesha ikifanya kazi, na asubuhi sakafu ilikuwa vuguvugu tu. Badala ya kukubali kwamba nimekosea, nikapandisha maji hadi digrii 45, halafu 55. Chumba kilipata nafuu kidogo, lakini mbao zikasinyaa mpaka kadi ya benki ikapenya kati ya ubao na ubao. Uso wa sakafu ya mbao haupaswi kupita takriban digrii 27, na mimi, fundi mzima, sikuwa nimeupima hata mara moja. Tulivunja kila kitu. Mabomba yaliyozikwa ndani ya lipu hayaokoleki, kwa hiyo nilinunua mengine, pamoja na kihami kilekile nilichokikwepa, kwa fedha yangu. Milango ilikatwa upya kwa muda usiozidi nusu siku, na hicho ndicho kilichokuwa kikituogopesha.

Pale ambapo kimo hakipo kabisa, tumieni vibao vyembamba vya povu gumu vyenye mifereji ya bomba. Na kama sakafu ni ya mbao na chini yake pana nafasi ya kuingia, fungeni mabomba kutokea chini pamoja na bati za alumini, kisha mfunike kwa kihami.

2. Pimeni kabla ya kufunika. Mabomba hutiwa presha ya baa 4 hadi 6, na geji hubaki imefungwa wakati lipu inamwagwa, ili bomba likitobolewa mjue papo hapo. Mkeka wa umeme, yaani wavu wenye waya wa kupasha joto unaotandazwa badala ya mabomba, hupimwa ukinzani ukiwa bado katika boksi, ukishatandazwa, na tena baada ya vigae. Kijana mmoja hodari, ninayempenda sana, alipoona mkeka umegota ukutani aliukata kwa mkasi, wavu na waya pamoja, ndipo akanipigia simu kuuliza aunganishe vipi. Hukatwa wavu peke yake, waya ukabaki mzima na mkeka ukageuzwa.

3. Mzunguko wa bomba la milimita 16 usivuke mita 100, na kila mmoja utolewe hewa peke yake. Pigeni picha za mabomba huku futi kamba ikionekana, kwa sababu atakuja mtu kutoboa sakafu afunge choo, na simu atakayoipiga ni yenu.

4. Lipu ya saruji hupewa siku 21 kabla ya kuwashwa, kisha huanza na maji ya digrii 25 kwa siku 3. Mwenye nyumba atalalamika kwa baridi. Mpeni hita ya kuazima na mvumilie maneno yake.

5. Umeme ni nafuu kuufunga na ghali kuutumia, hivyo nauona unafaa bafuni zaidi kuliko nyumba nzima. Kihisi cha thamostati, yaani kidhibiti cha joto, kipitishwe ndani ya paipu, katikati ya mikondo miwili ya waya, na paipu hiyo ifike hadi kwenye boksi la ukutani, ili kikifa kivutwe na kubadilishwa pasipo kugusa kigae hata kimoja.