Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo: anza na mchoro wa mkato, picha za 3D zitafuata

Mdogo wangu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako yote: uko mwaka wa pili wa usanifu majengo, kwenu ni Mbeya, miradi yako ya studio husifiwa kwa picha lakini alama za ubunifu wenyewe hubaki chini, na sasa unataka kujua iwapo ukope fedha ununue kompyuta mpakato yenye nguvu zaidi ili likizo hii ujifunze programu za kutengeneza picha za 3D. Mimi nilisomea fani hii Dar es Salaam, nikarudi kufanya kazi huku Nyanda za Juu Kusini, na ofisini kwetu tunapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona katika kazi zangu na zao. Usikope. Kompyuta uliyonayo inatosha, na likizo yako itumie kujifunza kuchora mkato, yaani mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima ukaona ndani yake.

Nasema mkato kwa sababu ndio mchoro unaokulazimisha kuamua. Katika ramani ya sakafu unaweza kupanga vyumba vikapendeza bila kujua paa litakaaje, na katika picha ya 3D unaweza kuficha nusu ya matatizo nyuma ya miti na watu wa kubandika. Ukishalikata jengo kutoka msingi hadi paa, huna pa kujificha: lazima useme jamvi (sakafu ya chini ya zege) liko juu ya ardhi kwa kiasi gani, dirisha linaanzia wapi na kuishia wapi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) inapita wapi, kenchi (fremu inayobeba paa) ina kimo gani, na maji ya mvua yanaangukia upande upi. Wanafunzi wengi huchora mkato usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na hukata mahali palipo rahisi. Wanajopo wazoefu, wale wanaotathmini kazi siku hiyo, hulitambua hilo mapema, kwani wakiona mstari wa mkato umekwepa ngazi na choo, maswali yao huanzia hapo hapo.

Kwa aliyekulia Mbeya, somo hili liko mlangoni. Sehemu kubwa ya mji wetu imejengwa kwenye miteremko, na bado miradi mingi ya wanafunzi ninayoiona huchorwa kana kwamba kiwanja ni meza. Chukua kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 6, jambo ambalo huku si la ajabu. Jengo lenye kina cha mita 12 litakuwa na tofauti ya mita 2 kati ya nyuma na mbele. Unaweza kuchimba na kujaza hadi upate uwanja tambarare, ukalipia kuta za kuzuia udongo pande zote mbili. Au unaweza kuligawa jengo katika sakafu mbili zinazopishana kimo kwa mita 1, na hapo vipandio sita vya takribani sentimita 16.7, vyenye kina cha sentimita 30 kila kimoja, vitatosha kuziunganisha. Kipimo hicho kinatii kanuni ya zamani ya ngazi, kwamba vimo viwili vikijumlishwa na kina kimoja vipatikane kati ya sentimita 60 na 64 hivi. Mwanafunzi aliyefikia uamuzi huo kwa kuchora mkato huwa tayari amepata ubunifu wenyewe: sebule imeshuka, dari la sebule limepanda bila kuinua paa, na dirisha la nyuma linaweza kupata mwanga juu ya sakafu ya mbele. Hayo hayatoki katika programu yoyote.

Suala la pili ni jua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali, na mifano mingi ya hapa nchini ni ya Pwani, ambako kazi kubwa ya mbunifu ni kukimbia joto. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, tena juu sana, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali. Adhuhuri ya mwezi Juni jua letu huwa limelalia kaskazini, likiwa na pembe ya karibu nyuzi 58 kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba huwa upande wa kusini, lakini karibu na utosi. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini hupata jua wakati ule hasa unapolihitaji, na hulikosa wakati wa adhuhuri za Desemba. Sasa hesabu: paa lililochomoza sentimita 60 mbele ya ukuta huo litateremsha kivuli cha karibu sentimita 95 adhuhuri ya Juni. Kama juu ya dirisha ni sentimita 40 chini ya ukingo wa paa, sentimita 55 za kwanza za dirisha zitakuwa kivulini na sehemu iliyobaki itaingiza jua darasani au sebuleni. Ukitaka jua zaidi, punguza mchomozo au shusha kizingiti cha chini cha dirisha. Hesabu hiyo inafanyika kwa penseli na kikokotoo cha simu, na ukiiandika pembeni mwa mkato wako, hakuna mwanajopo atakayekuuliza kwa nini dirisha liko pale.

Kwa sababu hiyo hiyo uwe mwangalifu na mifano unayoiiga. Wanafunzi wengi wanampenda Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya fani hii, mwaka 2022, na wana haki ya kumpenda. Shule yake ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina paa la bati lililoinuliwa juu ya dari la matofali lenye nafasi za kupitisha hewa, ili joto litoke. Lakini nimeona paa hilo likipandikizwa katika mradi wa shule ya Makete, mahali ambapo watoto huenda shule wamevaa masweta, na mchoraji hakuwa na jibu alipoulizwa joto analolitoa lilikuwa limeingia kutoka wapi. Cha kujifunza kwa Kéré ni namna alivyouanzisha mkato wake kutoka katika hali ya hewa na udongo wa kijijini kwao.

Mvua nayo ina hukumu yake. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kila milimita 1 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100 za maji. Nyumba ya Tukuyu yenye paa la ukubwa huo, basi, hupokea lita zaidi ya 200,000 juu ya paa lake kila mwaka. Nyumba za kuficha bati nyuma ya ukuta zimekuwa mtindo kila mahali, na katika picha za 3D zinang'aa kweli, ila maji hayo yote hulazimika kupita katika mfereji ulio ndani ya jengo, na jani moja likiziba tundu, dari linalowa. Sisemi usizichore. Nasema ukiichora, chora mkato wa mfereji wenyewe kwa kipimo cha 1:10, uonyeshe mteremko wake, tundu la dharura la kutolea maji, na mahali fundi atakaposimama kuusafisha. Ukitaka kuona mtu aliyelichukulia paa kama kazi ya maji, tafuta michoro ya Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970: paa lake ni miavuli ya zege inayokusanya mvua na kuiteremsha hadi katika tangi la chini ya ardhi. Mradi wako wa soko wa mwaka wa tatu utakapokuja, anzia hapo.

Sasa namna ya kujifunza. Pima majengo yaliyosimama. Nunua futi ya mita 5 na, ukiweza, azima ya mita 30, chukua daftari lisilo na mistari, omba ruhusa, upime. Anza na nyumba yenu, kisha nenda kwenye jengo lililokuzidi umri. Kituo cha misheni cha Wamoravian pale Rungwe kilianzishwa mwaka 1891. Na ukiwa na ndugu Iringa, lipo lile Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, lenye kuta nene zinazokufundisha kina cha dirisha ni nini. Nyumba za mianzi za Wanyakyusa zinazidi kuadimika, kwa hiyo ukikuta moja imesimama, ichore pamoja na vifundo vyake. Matofali yetu ya kuchoma hayalingani, kwa hiyo usipime tofali moja. Pima kimo cha kozi kumi (mistari kumi ya matofali) pamoja na udongo au saruji iliyo katikati, halafu ugawe kwa kumi. Jioni hiyo hiyo uchore mkato wa jengo kwa mkono kwa kipimo cha 1:20. Utagundua vitu ambavyo jicho lilipita bila kuviona, kwa mfano kwamba kenchi ya mbao za paina ina unene na haiwezi kuwa mstari mmoja, au kwamba lenta ya jengo fulani imekatika juu ya milango wakati ilipaswa kuzunguka nyumba nzima. Hilo la mwisho lina uzito huku kwetu, kwa kuwa tuko ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na ukubwa wa takribani 7.4.

Modeli za kadibodi ziendelee, na zile mbaya za kukata haraka zina faida kuliko zile za maonyesho. Programu za 3D utajifunza, tena kwa haraka, kwa kuwa mtu anayejua jengo lake lina nini ndani halimpi shida kulijenga kwenye skrini. Katika potifolio zinazotufikia ofisini, ukurasa ninaoutafuta kwanza ni mkato mmoja mkubwa uliokamilika, ukifuatiwa na rasimu za mkono zinazoonyesha wazo lilivyobadilika. Picha nzuri naziangalia pia, ila zote zimeanza kufanana.

Umegusia kwamba mjomba wako anataka umchoree ramani ya nyumba kule Uyole. Ikubali kama mazoezi, lakini mweleze mapema kwamba wewe bado ni mwanafunzi, na kwamba kazi ya usanifu majengo hufanywa kisheria na waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Pima kiwanja chake pamoja na mteremko, chora mapendekezo, kisha mtafuteni msanifu aliyesajiliwa ayapitie na kuyasaini kabla hayajapelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi. Mwombe msanifu huyo akuruhusu ukae naye wakati anasahihisha, na uende na mkato, kwa sababu ndio atakaouomba kwanza.