Usinunue hayo matairi mawili, mkuu (WRX inayokula tairi upande wa ndani)

Hapana mkuu. Rudisha hiyo hela mfukoni kwanza.

Umeandika una Subaru Impreza WRX ya gia za mkono, umeishusha kwa springi fupi, matairi ya mbele yamelika upande wa ndani mpaka nyaya zinachungulia huku nje bado mazima. Duka la tairi limekushauri uchukue mawili mapya ya mbele, wakufanyie alaimenti (kunyoosha mielekeo ya matairi) ya bure, na hayo ya zamani wakugeuzie kwenye rimu uyaweke akiba. Unauliza ununue ya kampuni gani, ujaze upepo kiasi gani na kama naitrojeni ina faida. Unamalizia kwamba unaenda Jumamosi asubuhi.

Mimi pia nilikwenda Jumamosi asubuhi.

Gari langu ni WRX pia, toleo la GDA la 2004, saizi ya tairi 215/45R17, nalo lilishushwa. Nilikuwa nasikia mvumo mbele nikadhani ni beringi. Siku moja natoka Morogoro nimesimama Kibaha kujaza upepo, dogo wa pancha akainama, akapitisha mkono nyuma ya tairi, akanitazama usoni na kusema, "Bro, umetoka nalo wapi hili?" Nikakata usukani hadi mwisho ndipo nikaona. Nje kashata (vile vipande vya mpira vilivyochongwa kwenye tairi) zimejaa, ndani upana wa vidole viwili ni kipara na waya umetoka. Nimepita Chalinze na kitu hicho, familia ikiwa ndani. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi: gari lisitoke nje ya mji. Na kama una tairi la akiba la saizi ileile, litumie kwa kulisogeza gari hadi kwa fundi tu.

Sasa sikiliza duka waliniambia nini, maana naona na wewe umeambiwa hivyohivyo. "Hizi gari za sport ndivyo zilivyo, ni kemba hiyo, zinakula ndani." Muuzaji alisema kwa uhakika kabisa, mkono kiunoni. Nikanunua mawili ya mbele kwa 280,000 kila moja, jumla 560,000. Alaimenti ya bure nikapewa. Niliomba karatasi ya vipimo, nikajibiwa mashine haina wino, ila "kila kitu kiko kijani", yaani mashine inasema vipimo viko ndani ya kiwango. Mkuu, hiyo kauli ya kijani imenigharimu zaidi ya 3,000,000. Mtu anayeuza tairi akikwambia kwamba tairi kuisha haraka ni kawaida, fikiria yeye anakula wapi.

Kemba ni tairi kulala, juu likaingia ndani au likatoka nje badala ya kusimama wima. Ukishusha gari, kemba inaongezeka kweli, na kweli inalisha zaidi upande wa ndani. Lakini kemba peke yake inakula polepole na inakula laini, kama sabuni inavyolika. Tairi la kemba tupu utalitumia muda mrefu tu kabla hujaliona. Kinachomaliza tairi kwa miezi michache ni tou. Tou ni hivi: ukiyatazama matairi mawili ya mbele kutoka juu, pua zake ziko sambamba, zimesogeleana au zimeachana. Zikiachana, tairi halibingiriki tu, linaburutwa kwa upande huku linabingirika, na mzigo wote unaangukia ukingo wa ndani. Kemba na tou zikikutana kwenye gari moja lililoshushwa, ndiyo hayo unayoyaona.

Piga hesabu na mimi. Tairi la 215/45R17 lina kipenyo cha karibu milimita 625. Karatasi yangu ya kwanza ya kweli, nitakuja kueleza niliipata wapi, ilionyesha pua zimeachana kwa jumla ya milimita 6, yaani 3 kila upande. Gawanya 3 kwa 625. Katika kila kilomita moja kila tairi linasuguliwa kwa upande karibu mita 5. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190, kwa hiyo tairi langu lilikuwa linaburuzwa kwa ubavu karibu kilomita nzima kila safari. Na tairi za gari kama zetu mpira wake ni laini makusudi ili zishike kona. Tazama ubavuni palipoandikwa TREADWEAR: nyingi za michezo utakuta 200 au 300 na kitu, wakati za gari la kawaida zinapanda 400 na zaidi. Laini hizo zikiburuzwa zinaondoka kama penseli kwenye kichongeo.

Unaweza kujua mwenyewe leo bila mashine. Gari likiwa limepoa, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu rudi ndani kwenda nje. Ukisikia upande mmoja laini na upande mwingine unakwaruza kama msasa, hiyo ni tou. Makali yakielekea ndani ya gari, pua zimesogeleana. Yakielekea nje, zimeachana. Kemba tupu haikwaruzi hivyo. Tairi likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiwa na mabondemabonde, kamata shokapu. Lakini wewe umesema ndani, kwa hiyo tusipoteze muda huko.

Nije kwenye lililoniumiza kuliko yote, na ndilo lililonifanya nisome uzi wako nikaacha chakula mezani.

Matairi mawili mapya mbele. Nyuma nilibaki na ya zamani ambayo yalikuwa na kashata milimita 3 hivi, mapya yalikuwa 8. Kwenye gari la kuvuta mbele tu ungeweza kuishi. WRX inavuta miguu yote minne muda wote, na kati ya mbele na nyuma kuna difu ya katikati, zile gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye hizi za gia tano za mkono difu hiyo ina kifaa kilichozibwa, ndani kuna visahani vingi na mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikizunguka sawa, kimetulia. Mojawapo ikiteleza na kuzunguka kasi, mafuta yanachemka, yanavimba, yanavibana visahani na nguvu inahamia upande mwingine. Kazi yake ni ya muda mfupi: tope, mchanga, kona kali. Hakikutengenezwa kuchemka kutoka Dar hadi Dodoma.

Tofauti ya milimita 5 za kashata ni milimita 10 za kipenyo. Tairi dogo linazunguka mizunguko 8 zaidi kwa kila kilomita ili liende sawa na kubwa. Mizunguko 8! Zidisha kwa kilomita 450 za Dodoma uone: zaidi ya mizunguko 3,500 ambayo difu inailipia kwa joto. Kipimo kinachotumika kwa Subaru ni mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukiigeuza kuwa kina cha kashata ni kama milimita 1 tu. Mimi nilikuwa na 5. Kitabu cha gari chenyewe kinataka manne yote yawe saizi moja, kampuni moja na kashata aina moja. Nilimuuliza muuzaji, nakumbuka vizuri kabisa, "Mawili hayana shida kwenye four-wheel?" Akanijibu difu haijui tairi jipya wala la zamani.

Inajua, mkuu. Baada ya miezi minne nilikuwa natoka kwenye maegesho, nimekata usukani hadi mwisho, gari likaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nikadhani hendibreki imeshika. Ukinyoosha, linatulia. Ukikata kona polepole, linagoma, na chini unasikia gu-gu-gu. Hicho kifaa kilikuwa kimejifunga moja kwa moja. Kwa kuwa kilikuwa kimefunga, matairi yenyewe yakawa yanajiburuza kila kona, kwa hiyo hata mapya yakaanza kulika, na upande wa ndani ukawa tena mwembamba. Sehemu ya nyuma ya gia boksi ilishushwa, difu ya katikati ikatafutwa ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar, na hadi gari linawaka na kutembea nililipa 1,400,000. Kisha nikanunua matairi manne kwa mpigo, 1,120,000. Jumlisha na zile 560,000. Anayetaka kucheka acheke, ila aende kwanza kupima ya kwake.

Unajua kilichokuwa kibovu tangu mwanzo? Bushi mbili, yaani mipira ya kwenye maungio. Zile za nyuma za lowa amu za mbele, ile mikono ya chuma ya chini inayoshika tairi. Bushi mbili 120,000, ufundi 40,000, alaimenti ya kweli 50,000. Laki mbili na elfu kumi, mkuu.

Aliyeziona ni mzee mmoja wa Ilala, hana mashine, hana hata bango. Alipiga jeki, akaingiza bomba la chuma kati ya lowa amu na bodi, akakanyaga. Amu ikasogea kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akanionyesha mpira umechanika nusu ya mduara. Akaeleza jambo ambalo duka zima la tairi halikunieleza: gari likiwa limesimama juu ya mashine, bushi iliyochanika inakaa mahali pake na vipimo vinatoka vizuri. Ukishuka ukakanyaga breki, amu inarudi nyuma na tairi linageuza pua. Ukikanyaga mafuta, linageuka tena. Kwa hiyo ile kijani ya muuzaji labda ilikuwa kweli, kwa dakika ile tu gari lilipokuwa limelala. Hapo ndipo nilipobadilisha bushi, nikaenda kwenye mashine nyingine, nikagoma kulipa kabla ya kupewa karatasi. Kwenye safu ya "kabla" ndipo zilipokuwa zile milimita 6.

Ndiyo maana nakuomba ushike mpangilio huu hata kama utasahau mengine yote: chuma na mpira wa chini kwanza, vipimo vifuate, tairi liwe mwisho. Tairi linanunuliwa MWISHO. Ukibadilisha mpangilio, tairi jipya linakuwa kifaa cha kupimia ubovu, na ni kipimo ghali sana.

Kwa hiyo Jumamosi usiende dukani, nenda kwa fundi wa chini. Gari likiwa juu ya jeki, na stendi zimewekwa, mwambie ashike tairi kushoto na kulia alitikise: likicheza, ni tairodi endi (kiungo cha usukani kwenye tairi) au usukani wenyewe. Ashike juu na chini: likicheza, ni boljointi (kiungo cha lowa amu na tairi) au beringi. Kisha bomba kwenye bushi, zote, na za nyuma ya gari pia. Usikubali "nimeangalia kwa macho", bushi haionekani kwa macho mpaka ilazimishwe. Kitu chochote kinachocheza kibadilishwe kabla ya mashine.

Kwenye mashine, mwambie waziwazi unataka miguu yote minne. Wengi wanarekebisha tou ya mbele tu, wanakuambia tayari. Subaru yako nyuma inarekebishika tou, na mbele ile bolti ya juu inayoshika shokapu na stabaksi (chuma kinachobeba tairi) ni ya yai, ukiizungusha inarudisha kemba kidogo. Gari lililoshushwa linahitaji hiyo bolti iguswe. Upepo wa matairi yote uwe umesawazishwa kabla, na usukani umefungwa katikati. Karatasi iwe na safu mbili, kabla na baada, tou na kemba za kila tairi. Tou jumla ya mbele ikae karibu na sifuri. Akikwambia milimita 3 bado ni kijani, mwambie unaiona kijani lakini wewe unataka sifuri, na unalipia.

Hakuna karatasi, hakuna hela. Na ile "bure" kataa. Ya bure haina mwenyewe, huwezi kurudi kudai.

Kuhusu kugeuza tairi kwenye rimu: tairi ambalo waya umetoka haligeuzwi, linatupwa. Hata likiwa zima, tazama ubavuni kama pameandikwa OUTSIDE. Hilo lina upande wa nje na halikai kinyume. Yakate ubavu kwa msumeno kabla hujayaacha, nimeyaona ya namna hiyo yamepakwa rangi nyeusi yakiuzwa barabarani.

Usiku huu fanya jambo moja kabla ya yote. Kata usukani, washa tochi, piga picha upande wa ndani wa matairi yote manne, ya nyuma pia, maana ya nyuma hujasema chochote na ndiyo yatakayoamua kama unahitaji mawili au manne. Pima kina cha kashata ndani, katikati na nje, uandike namba. Halafu tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, zungusha gari namba nane taratibu usikie kama linagoma au linaruka. Weka majibu hapahapa, nitayasubiri. Likiruka, usilipeleke popote Jumamosi, nipigie kelele kwenye uzi huu.