Nakala 1,947 si Chache: Majibu kwa Wakusanyaji wa Vitabu vya Magari

Barua nne nilizochagua mwezi huu zinahusu vitabu vya bei kubwa vilivyoandikwa juu ya magari ya spoti ya zamani. Nimezifupisha kidogo bila kugusa maswali yenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi mstaafu. Magari yenyewe, yaani Ferrari na Jaguar za miaka ya 1950 na 1960, najua sitayamiliki, kwa hiyo nimeamua nikusanye vitabu vyake. Mwaka huu nimetenga fedha za kununua kitabu kimoja kikubwa. Muuzaji ananishauri nichukue toleo maalumu lenye namba na kisanduku cha kifahari, akisema bei yake haitashuka kamwe. Rafiki yangu anasema kwa fedha hizo hizo nitapata vitabu sita vya zamani. Nimsikilize nani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Msikilize rafiki yako, ingawa mimi ningenunua vitatu vizuri badala ya sita.

Tuanze na hilo toleo lenye namba. Mwaka 2018 kampuni ya uchapishaji ya Taschen ilitoa kitabu kikubwa cha historia ya Ferrari kilichohaririwa na Pino Allievi, kikachapishwa nakala 1,947 ili kukumbusha mwaka ambao gari la kwanza lenye jina la Ferrari lilitoka kiwandani Maranello, Italia. Kasha lake lilibuniwa na mbunifu Marc Newson kwa kuiga injini ya gari. Ni kazi ya kupendeza, na anayeitaka kwa ajili ya sebule yake simlaumu. Lakini kwa mkusanyaji nakala 1,947 si chache, kwa sababu kitabu cha namna hiyo hununuliwa kama hazina tangu siku ya kwanza. Mwenyewe hukifunga kwenye kasha lake, hakishiki kwa mikono yenye jasho, wala hampi mtoto akipekue. Na siku atakapotaka kukiuza atakuta sokoni wenzake wengi wenye nakala safi kama yake, kila mmoja akisubiri bei ipande.

Kitabu huadimika kikweli pale nakala zinapotumika hadi zikaisha. Orodha ya vipuri iliyotolewa na kiwanda mwaka 1962 ilikaa juu ya meza ya fundi, ikarowa oili, ikang'oka kurasa, na gari lilipouzwa ikatupwa pamoja na matambara. Kitabu cha mwenye gari kilipotelea kwenye kisanduku cha dashibodi. Hakuna aliyevihesabu vitu hivyo kuwa mali, na ndiyo maana leo wenye magari hayo huvitafuta kwa fedha nyingi: gari likipelekwa mnadani likiwa na vitabu vyake vya asili, mnunuzi huliamini zaidi.

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo hili, na naomba uniwie radhi nikikaa hapo kidogo. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu kati ya mwaka 1962 na 1964. Moja kati ya hizo, yenye namba ya chasisi (yaani ya fremu yake) 3413, iliuzwa Monterey, California, mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Bati na injini peke yake haviwezi kufikia bei hiyo. Kilicholipiwa ni habari zilizothibitishwa: nani aliliendesha, katika shindano gani, lilipogongwa lilitengenezwa wapi, na likapita mikononi mwa nani hadi siku ile. Gari la mbio la wakati huo halikutunzwa kama yai. Lilipopinduka, fremu ilitupwa huku na injini ikahamishiwa gari jingine, na miaka thelathini baadaye wakajitokeza watu wawili wenye magari mawili, kila mmoja akidai namba ile ile ya chasisi. Au tazama Jaguar XKSS. Mwezi Februari 1957 kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane kule Coventry, Uingereza, kiliungua, magari tisa ya aina hiyo yakateketea, yakabaki 16 yaliyokamilika. Na mwaka 2016 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba itaunda mapya tisa kufidia yale yaliyoungua. Ni nani atakayemwonyesha mjukuu wako lipi ni la 1957 na lipi ni la karne hii? Ni mwandishi aliyekaa miaka mingi akilinganisha daftari za kiwanda na picha za mbio, namba kwa namba.

Kitabu cha mwandishi huyo huchapishwa nakala chache kwa sababu wasomaji wake ni wachache, na huuzwa ghali kwa sababu picha hulipiwa haki na kazi yenyewe ni ndefu. Kikiisha, mara nyingi hakichapishwi tena. Mwenye gari la mamilioni hatabishana juu ya bei ya kitabu kinachotaja gari lake kwa namba, na wewe usiye na gari utakuwa umepata kitabu ambacho habari zake hazipatikani pengine popote. Kwa hiyo, kabla ya kutazama kisanduku na nyuzi za dhahabu, fungua nyuma ya kitabu uone kama kuna orodha ya magari kwa namba zake. Kama hakuna, na picha zote umekwisha kuziona kwingine, basi unalipia karatasi.

Lipo tahadhari moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kitabu kinachothaminiwa kwa habari zake kinaweza kuporomoka bei habari hizo zikitoka upya. Historia ya Porsche iliyoandikwa na Karl Ludvigsen, *Excellence Was Expected*, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1977. Mwaka 2003 ilitolewa upya katika juzuu tatu zenye zaidi ya kurasa 1,500, na aliyetaka kusoma hakuwa tena na sababu ya kuihangaikia ile ya awali, isipokuwa kama ni mpenzi wa matoleo ya kwanza. Ningekuwa wewe, ningeanza na hizo juzuu tatu, kisha nitafute kitabu kimoja cha gari moja ninalolipenda kuliko yote.

Unaponunua kwa mtu aliye mbali, omba picha ya jalada la karatasi linalovikwa juu ya jalada gumu, kwa kuwa bila hilo bei ya kitabu cha zamani hushuka sana. Omba pia picha ya ukurasa wa haki za uchapishaji ili ujue ni chapa ya ngapi. Uliza waziwazi kama kitabu kiliwahi kuwa cha maktaba. Mimi nililijifunza hilo kwa gharama yangu: niliagiza kitabu cha Jaguar kilichosifiwa kuwa "katika hali nzuri sana", kikaja bila jalada la karatasi, kikiwa na mihuri mitatu ya maktaba na mfuko wa kadi uliogandishwa ndani. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo nne, na nauli ya kukirudisha ingezidi fedha ambayo ningerudishiwa. Bado ninacho. Nakisoma sana, kwa sababu hakiniumizi moyo nikikimwagia chai.

SWALI: Mhariri, salaam. Marehemu mume wangu aliniachia vitabu vikubwa vya Ferrari na Maserati vyenye picha nzuri sana. Mvua za masika zilivuja juu ya kabati, viwili vikalowa. Nilivifunga vizuri nikaviwekea mzigo juu ili visipinde, na sasa vimekauka lakini kurasa zimeshikana kama tofali. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole sana, mama, kwa kufiwa na kwa hasara hii. Itanibidi nikueleze ukweli: kurasa zilizoshikana namna hiyo mara nyingi hazifunguki tena. Karatasi ya kung'aa inayotumika katika vitabu vya picha hupakwa tabaka la udongo mweupe laini uliochanganywa na gundi, na ndilo linalofanya rangi nyekundu ya gari ionekane kama imepakwa jana. Tabaka hilo likilowa huwa kama uji, na likikauka huku kurasa zimebanwa pamoja, kurasa mbili huwa moja. Usijaribu kuzitenganisha kwa kisu wala kwa mvuke wa sufuria, maana utabandua picha. Ukiona ukingo wa kurasa chache unaachia wenyewe kwa kidole, endelea polepole, ukikataa, acha.

Kwa vitabu vilivyosalia, jambo la kukumbuka ni kwamba kitabu cha karatasi ya kung'aa kikilowa hakiachwi kikauke kikiwa kimefungwa. Kama ni kurasa chache, zifungue ukurasa kwa ukurasa zingali mbichi, uweke kati yake karatasi ya kuokea isiyoshika, kisha uwashe feni. Kama ni kitabu kizima na huna nafasi siku hiyo, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiweke kwenye friza. Barafu itakupa muda wa kumtafuta mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka kabla kurasa hazijashikana.

Hewa ya pwani nayo ni adui hata paa lisipovuja. Maktaba hupendelea unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 35 na 50, nasi huku tunaishi juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Sogeza kabati mbali na ukuta, hasa ukuta wa nje, upana wa kiganja au zaidi, ili hewa ipite. Vitabu vizito vilaze badala ya kuvisimamisha, visizidi viwili au vitatu kwa rundo, la sivyo uzito wa kurasa utavuta jalada hadi uti wa kitabu ung'oke. Usivifunge ndani ya mifuko ya nailoni ukidhani unavilinda, kwa kuwa unyevu uliomo hautoki na ukungu huota ndani kwa ndani. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, vinafaa ndani ya sanduku lililofungwa barabara tu. Kwenye kabati lililo wazi ni kama kukausha bahari kwa kikombe.

SWALI: Assalamu alaykum. Nimeletewa nakala ya kumbukumbu za Enzo Ferrari kwa Kitaliano, toleo la 1962, yenye sahihi yake kwa wino wa zambarau. Muuzaji anasema wino huo ndio ushahidi. Je, ni kweli? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Wa alaykum salaam. Ni kweli kwamba Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya magari, alikuwa na desturi ya kuandika kwa wino wa zambarau, na ni kweli kwamba kumbukumbu zake, *Le mie gioie terribili*, zilichapishwa na Cappelli wa Bologna mwaka 1962. Tatizo ni kwamba desturi hiyo inajulikana na kila mtu, akiwemo mghushi, na chupa ya wino wa zambarau ni ya bei rahisi. Wino huo hauthibitishi kitu. Kukosekana kwake ndiko kungekutia shaka.

Tafuta njia ambayo kitabu kilipitia. Nakala iliyoandikiwa mtu kwa jina, pamoja na tarehe, ni bora kuliko sahihi tupu, ingawa wanunuzi wengi hudhani jina la mtu mwingine linakiharibu kitabu. Jina hilo unaweza kulifuatilia: alikuwa dereva, mwandishi wa habari, au mteja aliyekwenda Maranello kuchukua gari lake? Kukiwa na barua au picha ya siku hiyo, heri zaidi. Kama muuzaji hana lolote ila maneno, mlipe bei ya kitabu kisicho na sahihi, na akikataa mwache aondoke nacho.

SWALI: Mzee wangu ameniachia sanduku la vijitabu vya ratiba za Safari Rally za miaka ya 1970, pamoja na kitabu cha ufundi cha Datsun 240Z. Majirani wanasema nichome takataka hizo. Je, zina thamani yoyote? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usichome hata karatasi moja. Datsun 240Z ni gari la spoti lililojipatia jina kubwa katika barabara zetu za vumbi na matope: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo mwaka 1973, ingawa Mehta alifungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mkusanyaji wa Ulaya au Japani hupata vitabu vipya vya gari hilo bila shida, lakini kijitabu kilichouzwa kando ya barabara kwa watazamaji na kutupwa jioni hiyo hiyo hakipati kwa urahisi.

Pini za stepla zilizoshika kutu ziondoe taratibu, na kila kijitabu kiweke ndani ya bahasha yake ya karatasi. Nakuomba sana usivipeleke kulaminishwa kama tunavyofanya kwa vyeti vya shule, kwa sababu plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi haitoki tena. Na kama mzee aliandika muda wa madereva kwa penseli pembezoni mwa kurasa, usifute.